Msamaha Usio na Mwenyewe

Alhamisi, 14 Novemba 1918

Evald amekubali. Mwezi mzima ameniendesha puta, mdogo wangu huyu, na leo amekubali — ataweka sahihi kwenye ombi la msamaha kwa mfalme.

Nilidhani nitamshinda kwa maneno. Wapi. Ni mama aliyemshinda. Alikaa kwenye benchi la wageni pale gerezani, akavua glavu, akamwambia: sikuombi umpende mfalme, nakuomba uishi. Basi. Evald akatazama dirishani, akasema haya, leteni hiyo karatasi. Nilikuwa nayo mkobani, karatasi ya serikali yenye muhuri wa taji, nimeibeba tangu Oktoba. Akasaini chini kabisa, askari akashuhudia. Maneno nitayajaza mimi kesho.

Kabla ya hapo ilikuwa wimbo uleule. Kwamba yeye ni mtu wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, hawezi kumpigia magoti mtu kwa sababu tu alizaliwa ikulu. Kwamba jamhuri inakuja, nchi yote inanukia jamhuri, na atasamehewa na wananchi wenzake akiwa amesimama wima. Na wakili wake, Bwana Hallin, anazidi kumpamba. Mimi naye huniambia: hakuna haraka, Bi Tekla. Korti huandika kifo, mfalme hufuta, miaka minane sasa hajakatwa mtu kichwa. Hata jaji aliisoma hukumu kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni.

Sitetei alichofanya. Afisa wa chakula, Bwana Lundborg, alikuja kuchukua unga ambao mama alikuwa ameuficha nyuma ya jiko. Mfuko mmoja, katika njaa ile ya mwaka jana. Walitukanana, Lundborg akaondoka na unga. Evald akaingia banda la kuni, akachukua shoka, akamfuata mpaka darajani. Kutoka bandani hadi darajani ni hatua mia nne. Korti ilizihesabu. Hatua mia nne zinatosha mtu kufikiri, walisema, kwa hiyo aliua kwa kukusudia.

Lakini ataishi. Kifungo cha maisha ni maisha pia. Leo nitalala.

Ijumaa, 15 Novemba

Mkono wangu ukatwe.

Niliandika ombi lote kwa mwandiko wangu wa shuleni, baada ya zamu, hapahapa kituo cha simu kwa sababu hapa kuna taa nzuri. "Kwa Mfalme Mwenye Enzi Kuu, Mwingi wa Rehema." Nilifika mpaka mwisho bila kosa hata moja. Nikainua kalamu nipumue, na wino ukadondoka. Tone dogo kama dengu, juu ya neno Rehema.

Bi Ottilia, mkuu wangu, aliinama akaliangalia kwa miwani yake. Miaka kumi na tisa kwenye mtambo huu wa kuunganishia simu na hajawahi kuunganisha namba isiyo sahihi. Akasema: huwezi kumpelekea mfalme karatasi yenye doa, Tekla, wataikataa mlangoni. Nikaipeleka nyumbani kwa mama nikitumaini atasema vingine. Akasema: tunaomba roho ya mtu, halafu tupeleke uchafu?

Wala sikubisha. Nami niliona hivyohivyo. Ndivyo tulivyolelewa.

Karatasi mpya nitaipata kesho. Sahihi ya Evald je? Siku za wageni ni Jumatatu na Alhamisi. Basi Jumatatu. Siku tatu tu.

Jumatatu, 18 Novemba

Amesaini tena; nimemwambia tu kwamba karatasi ya kwanza imeharibika. Akasema: mara mbili nampigia magoti ndani ya wiki moja, mwishowe nitazoea.

Nimeituma kwa rejista, treni ya jioni. Jumatano asubuhi itakuwa Stockholm. Haina doa. Nimeiangalia mara kumi.

Jumatano, 20 Novemba

Kiapo chetu sisi waunganisha simu ni kimoja: kinachoingia kwa sikio hakitoki kwa mdomo. Hakikusema lolote juu ya kalamu. Naandika.

Saa nne na dakika kumi kibao cha Stockholm kilianguka mtamboni, ishara kwamba wanapiga. Wanamtaka Gavana wetu. Niliunganisha, na hapo nilipaswa kutoka kwenye waya. Sikutoka. Nilisikia kwamba wanajeshi wa mji mkuu wamekataa amri. Kwamba mfalme alitia sahihi ya kujiuzulu jana mchana, na ameshaondoka nchini yeye na watu wake. Kwamba nchi sasa ni jamhuri.

 Gavana akauliza, nani anatoa amri sasa? Akajibiwa: Kamati. Akauliza, Kamati ina muhuri gani? Yule wa Stockholm akacheka. Gavana hakucheka, aliuliza swali hasa.

Mchana mji wote wa Norrhamn ulikuwa barabarani. Bendi ya kiwanda cha mbao ilipiga kwenye theluji mpaka matarumbeta yakaganda. Watu walikumbatiana, hata wasiosalimiana. Niliimba, nakiri. Mimi ni mmoja wa waliotia jina kwenye orodha ya kudai jamhuri, masika yaliyopita, na sijuti. Niliimba ubeti wa kwanza kwa moyo wote. Kwenye ubeti wa pili nikakumbuka barua.

Imefika leo asubuhi. Ingefika Jumatatu kama nisingedondosha wino. Jumatatu alikuwapo.

Jumamosi, 23 Novemba

Mama kaniuliza, barua iko na nani sasa? Nikamwambia, na serikali mpya. Akauliza, nani huko? Nikasema sijui mama. Akasema: mimi nilimwandikia mtu.

Jumatano, 27 Novemba

Imerudi. Bahasha ileile, haijafunguliwa. Wameigonga muhuri wa bluu: ALIYEANDIKIWA AMEONDOKA. ANWANI HAIJULIKANI.

Tarishi alinipa huku akiangalia viatu vyake. Nikacheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka Bi Ottilia akanipeleka chumba cha nyuma akaninywesha ile kahawa yetu ya mizizi ya kuchoma.

Jumapili, 1 Desemba

Kanisani. Mshumaa wa kwanza wa Majilio. Mchungaji alipofika kwenye sala ya kumwombea mfalme, alisimama. Kitabu kinasema mfalme. Serikali imeagiza pasemwe vingine, ila hawajaleta maneno. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Vikongwe wa benchi la mbele wakaendelea bila yeye, kwa kichwa, mfalme na nyumba yake na watoto wake, mpaka amina. Mchungaji aliwaacha wamalize. Hakuna aliyecheka. Mama naye aliitikia, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumanne, 3 Desemba

Wakili Hallin sasa ni mtu mkubwa. Katibu katika wizara ya sheria ya jamhuri. Leo nimempigia kwa waya wa kituo. Kosa, na Bi Ottilia alijua, akageuka akaanza kuhesabu plagi.

Alifurahi kunisikia, alifurahi kweli. Akaniuliza mama hajambo. Nikamwambia barua imerudi, sasa niitume kwa nani.

"Hapo ndipo penye mtihani, Bi Tekla. Vifungu vya mamlaka ya mfalme vilifutwa vyote kwa pamoja, mstari mmoja wa kalamu. Cha msamaha kilikuwa humohumo."

"Basi kirudisheni."

"Kwa nani? Tukimpa mtu mmoja uwezo wa kusema huyu aishi, yule afe, tutakuwa tumefanya nini? Tutakuwa tumemrudisha mfalme kwa mlango wa uani."

"Mimi sijali mlango, Bwana Hallin."

"Najua. Nisikilize. Bunge jipya linakaa tarehe 14 Januari. Jambo la kwanza, la kwanza kabisa, ni kufuta adhabu ya kifo. Mimi mwenyewe nimeandika muswada. Evald atatoka kwenye hukumu hii kwa sheria, si kwa hisani ya mtu. Si ndivyo alivyotaka?"

Nikamuuliza, na mpaka Januari?

"Hakuna gavana atakayethubutu."

Sauti yake ilikuwa ileile ya Oktoba, ya hakuna haraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe ni ya kwetu.

Jumatatu, 9 Desemba

Siku ya Anna, siku ya kuloweka samaki wa Krismasi. Mama ametoa samaki mkavu chini ya dari, mgumu kama ubao, akamtia kwenye maji ya majivu ili alainike kabla ya Krismasi. Nyumba nzima inanuka. Amekata vipande vitatu. Sikumwuliza cha tatu ni cha nani.

Mchana tulimwona Evald. Ameshiba maneno leo. Anasema yeye ndiye mfungwa wa kwanza wa jamhuri, wamwekee kibao mlangoni. Askari wanampenda, wanamletea magazeti. Halafu akatupigia hesabu kwenye vidole. Tarehe 21 ni siku ya Tomas, inaanza Amani ya Krismasi. Mpaka siku ya Knut inapokwisha, tarehe 13 Januari, hapa haadhibiwi mtu, hata mwizi wa kuku. Ndivyo tangu enzi na enzi, hata walinzi hufungua vifungo vya kola. Na tarehe 14 Bunge linakaa.

"Umeona, dada? Nikivuka siku kumi na mbili tu, nimepona. Hesabu imekaa kama imeshonwa na fundi."

Mama akatabasamu. Nikatabasamu na mimi. Njiani kurudi nilihesabu upya, kwa vidole vyangu, ndani ya glavu. Kumi na mbili.

Alhamisi, 12 Desemba

Saa tano. Gavana kamwita mkuu wa gereza, namba kumi na nne. Nilibaki kwenye waya.

Gavana alisema amesoma faili mara tatu. Hukumu ni kamili. Rufaa hakuna. Ombi la msamaha hakuna mezani, lilirudi. Mamlaka ya kuahirisha yalikuwa ya mfalme, na hayajapewa mtu. Kwa hiyo sheria inakwenda mbele, kwa kuwa hakuna wa kuisimamisha. Sauti yake ilikuwa ya mgonjwa. Mkuu wa gereza akasema, basi tungoje Krismasi ipite, Mheshimiwa. Na Gavana akasema — nayaandika kama nilivyoyasikia — haitakuwa uungwana kumwacha mtu akae na jambo hili kichwani siku zote za Amani ya Krismasi. Wala wafanyakazi wako, nao wana watoto. Tulimalize kabla ya Tomas.

Ijumaa tarehe 20, saa mbili asubuhi. Wafanyakazi wote wasimame uwanjani, kama kanuni inavyotaka.

Siku moja kabla. Kwa uungwana!

Niling'oa plagi. Bi Ottilia aliniangalia. Ningekuwa na uwezo ningezing'oa zote, mji mzima uwe bubu.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimeenda kwa Gavana. Alinipokea amesimama, koti jeusi, vifungo vya shaba. Kwenye vifungo bado kuna taji. Mezani kwake karatasi zimelala sawasawa kama zimepimwa kwa rula.

Nikamwambia: Mheshimiwa, usifanye tarehe 20.

Akanitazama. Taarifa rasmi haijatoka, itatoka kesho. Anajua kazi yangu ni ipi.

"Umejuaje tarehe?"

 Nikaona kazi inakwenda, kiapo kinakwenda, na sijali.

"Tuchukulie sikukuuliza," akasema. Akavuta kiti, akanikalisha.

Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonimaliza. Ningepata mtu mbaya ningemtemea mate, nikarudi nyumbani nimepumua. Aliniambia alimtumikia mfalme miaka thelathini, na kama angekuwapo angemwandikia yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba kijana huyu anyang'anywe uhuru lakini asinyang'anywe kichwa. Na angekubaliwa. Alikuwa akikubaliwa siku zote.

"Basi chelewesha wewe. Wiki nne tu."

"Kwa kifungu kipi?"

"Bila kifungu."

Akafunga macho. Akasema: binti yangu, mimi sikuchaguliwa na mtu, wala sasa sina aliyenituma. Kitu pekee kinachonizuia nisiwe mwizi ndani ya ofisi hii ni kufuata kilichoandikwa. Nikianza kuamua kwa moyo wangu nani afe lini, nitaishia wapi?

Nikamwambia, utaishia kwenye kumwacha mtu hai. Akasema ndiyo, safari hii.

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Alinishikia koti nivae. Nilitamani kumpiga.

Jumapili, 15 Desemba

Mama ameambiwa rasmi jana. Hajalia. Anabadilisha maji ya samaki asubuhi na jioni, vipande vitatu, anavigeuza kimoja kimoja.  Nakaa naye jikoni tu.

Jumanne, 17 Desemba

Nimempigia Hallin mara tatu. Mara zote karani wake: Bwana Katibu yuko kikaoni. Mara ya tatu nikauliza kikao gani kisichoisha. Cha nembo ya taifa, akasema. Mataji matatu yabaki au yaondolewe. Kuna mvutano mkali.

Nimemwachia maneno: Ijumaa saa mbili asubuhi. Akayaandika. Akaniuliza Ijumaa ni herufi kubwa? Nikamwambia aandike atakavyo.

Halafu jioni, kabla hatujafunga dirisha la wateja, aliingia Bi Lundborg. Mjane. Mwaka mzima tumepishana barabarani, mimi upande huu, yeye ule. Nilisimama. Nilidhani amekuja kunisuta, na nilikuwa tayari, ana haki.

Akasema hajamsamehe Evald, na hatamsamehe. Akasema pia ana watoto wawili, na hataki wakue wakijua kuna kichwa kilianguka kwa ajili ya baba yao na mfuko wa unga. Anataka kuandika asikatwe. Amekuja na karatasi na kalamu.

"Nimwandikie nani?" akaniuliza.

Mimi na Bi Ottilia tuliangaliana. Tulikuwa wanawake watatu na karatasi nyeupe, na hakuna aliyejua jina la kuweka juu. Mwisho aliandika "Kwa Anayehusika". Tukaipeleka kwa simu ya maandishi, wizarani. Bi Ottilia alituma mwenyewe. Hakuandika kwenye kitabu cha malipo, na yeye ni mtu wa kuandika hata akikopa pini.

Alhamisi, 19 Desemba

Hakuna jibu.

Tulipewa saa nzima na Evald, badala ya dakika ishirini. Kila wema wanaotufanyia unanichoma.

Anaogopa. Alijaribu kutania, akasema jamhuri imeanza na yeye kwa sababu alikuwa mstari wa mbele, halafu mdomo ukakataa. Mama alimshika kichwa, akakiweka kifuani, akamchana nywele kwa vidole kama alipokuwa mdogo ana chawa.  Askari aliangalia ukutani muda wote.

Mama alipotoka kwanza, nikamwambia Evald. Sikuwa nimemwambia. Kwamba Ijumaa ile barua ilikuwa tayari. Kwamba nilidondosha wino, tukaona aibu kumpelekea mfalme karatasi chafu. Kwamba ingefika Jumatatu, alipokuwa bado yupo, na labda, labda tu, ingepita mezani siku hiyo. Nilisema huku nalia, nimeshika ukingo wa benchi.

"Doa?" akasema.

"Doa. Kama dengu."

Akacheka. Alicheka kweli, Evald wangu wa zamani, mabega yakamcheza. "Mimi nimeringa mwezi mzima, nangoja nisamehewe na wananchi, na wewe unalilia siku tatu? Dada, wewe ulikuwa na haraka peke yako nchi nzima."

Halafu akasema: laiti ningesaini mapema. Akasema hivyo mara mbili. Akaniuliza kama inauma. Nikasema haiumi. Mimi najua nini? Nimesema tu.

Hakutaka niwepo kesho. Kasema kaa kwenye simu zako, dada, nikijua uko pale nitajua kuna mtu macho.

Ijumaa, 20 Desemba

Saa moja na robo. Niko kwenye mtambo. Bi Ottilia alisema nibaki nyumbani na mama, nikamwambia Evald ameniweka hapa. Mama yuko kanisani na Bi Lundborg. Walikuja pamoja mpaka kona, hawakushikana mikono, lakini waliingia pamoja.

Theluji ni nyingi. Nyaya za kusini zina kelele tangu asubuhi.

Saa moja na nusu. Hakuna anayepiga. Mji mzima umeamka na hakuna anayepiga. Vibao vyote viko juu.

Saa moja na dakika thelathini na nane. STOCKHOLM. Kibao kimeanguka. Hallin mwenyewe, sauti ya mtu ambaye hajalala. Anamtaka Gavana upesi. Nikasema, Bwana Hallin, ni mimi, Tekla, ni msamaha? Kelele kwenye waya. Akasema nipe Gavana, Bi Tekla, lazima asikie yeye kwanza. Nikamwuliza tena. Akasema nipe Gavana.

Nyumbani kwa Gavana: mjakazi. Mheshimiwa ametoka, kaenda gerezani, kaenda kwa miguu kwa kuwa farasi haendi kwenye theluji hii. Nikauliza, tangu lini? Robo saa.

Namba kumi na nne. Nimepiga. Inalia. Nasikia inalia kwenye ofisi ya gereza, najua ilipo, mezani karibu na dirisha. Hakuna anayeinua.

Nimepiga tena.

Wafanyakazi wote uwanjani. Kama kanuni inavyotaka. Bi Ottilia alikuwa ananitazama usoni, nikamwambia: hakuna mtu ndani, wote wako nje.  Alivua vile vyuma vya masikioni vya kusikilizia simu, akachukua koti, hakuchukua kofia, akatoka mbio. Miaka kumi na tisa hajawahi kuacha mtambo katikati ya zamu. Namwona kutoka dirishani, anapanda kilima, nywele zimefumuka, sketi ameishika kwa mikono miwili. Ana miaka hamsini na saba. Kutoka hapa hadi getini ni robo saa wakati wa kiangazi.

Saa mbili kasoro dakika kumi na tatu.

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto unazungusha mpini wa kupigia kengele ya gereza. Nisipoandika nitapiga kelele. Hallin bado yuko kwenye waya. Nimemwambia aniambie mimi, nitakimbia na maneno. Akasema haiwezekani kumwambia opereta, haitakuwa na nguvu, lazima iwe kwa mwenye mamlaka. Sauti yake ilikatika hapo. Sijui ni waya au ni yeye. Sijui kama anacholeta ni uhai au ni maelezo.

Saa mbili kasoro nane. Bi Ottilia amepita mti wa mwisho, simwoni tena.

Saa mbili kasoro sita. Inalia.

Hallin anauliza kama nimempata. Nimemjibu kama tulivyofundishwa kumjibu kila mteja, kwa sauti tuliyofundishwa. Naita bado, bwana. Tafadhali usikate.

Naita bado.